Mithali 22:6 imegeuka fimbo ya kuwachapia wazazi. Ni ahadi au si ahadi?

#1 Kalamu Butu
Wakuu, salamu. Naingia moja kwa moja.

Kila mtoto wa Mkristo anapopotea, hakosi mtu wa kusogea na Mithali 22:6: "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee." Baada ya hapo hesabu ni rahisi: mtoto kaiacha njia, basi wewe hukumlea. Kuna mama namfahamu ameacha kuja kwenye maombi ya katikati ya wiki. Kila akisimama kuomba tumwombee binti yake, kuna mzee mmoja anamsomea mstari huo, tena kwa sauti ya upole kabisa.

Hoja yangu: mstari ule si ahadi. Ni neno la hekima, linaeleza mambo yaendavyo mara nyingi. Fungueni sura ya 26. Mstari wa 4 unasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Mstari wa 5 unasema mjibu. Anayesoma Mithali kama mkataba atakwama hapo hapo. Na kitabu chenyewe kinaanza na baba anamsihi mwanawe: wenye dhambi wakikushawishi, usikubali. Kama malezi yanamaliza kazi, kusihi kote huko kwa nini?

Halafu Isaya 1:2, Mungu anasema amelisha watoto na kuwalea, nao wamemwasi. Nani atanyoosha mkono amwambie alikosea malezi?

Karibuni. Wenye watoto wadogo mnaruhusiwa kuchangia, ila msijisifu mapema.

#2 Chumvi Kidogo
Siti ya mbele. Hilo la mwisho limenipata, wangu ana miaka mitatu na nilishaanza kutoa semina.

#3 Mzee wa Zamu
Kalamu Butu, sikubaliani na wewe. Tukianza kusema huu ni ahadi, huu si ahadi, tutamaliza Biblia tukibaki na jalada.

Mstari unasema "hata atakapokuwa mzee". Nyinyi mtoto akifika miaka ishirini mnafunga hesabu. Mwangalieni Manase. Baba yake ni Hezekia, mfalme mwema. Kijana akaingia ufalme na miaka 12, akaharibu kila baba alichojenga, akampitisha hata mwanawe motoni. Ukisoma 2 Wafalme 21 peke yake unasema huyu kaisha. Soma 2 Nyakati 33: akiwa mateka Babeli, kwenye pingu, akajinyenyekeza sana mbele za Mungu wa baba zake. Alijuaje pa kumtafuta? Kuna kitu kilipandwa zamani.

Mimi nawaambia wazazi: ahadi ipo, saa hamuijui.

#4 Tomaso wa Pili
Shikamoo Mzee wa Zamu. Nina tatizo na hesabu yako. Manase alimzaa Amoni. Amoni alikuwa mwovu, akatawala miaka miwili, watumishi wake wakamuua. Hakuuona uzee. Mstari wako unamhusu vipi mtu wa namna hiyo?

Halafu Amoni huyo huyo alimzaa Yosia, aliyetawazwa na miaka 8 akaja kuwa mmoja wa wafalme bora kuliko wote. Baba mwovu, babu sehemu kubwa ya maisha yake mwovu. Malezi alipata wapi?

#5 Mzee wa Zamu
Marahaba. Alipata kwa mama yake, Yedida binti Adaya, 2 Wafalme 22:1. Majina ya mama za wafalme hayakuandikwa kujaza ukurasa.

#6 Tomaso wa Pili
Manase naye katajiwa mama. Hefsiba. 2 Wafalme 21:1. Naye tumwekee alama gani?

#7 Chumvi Kidogo
😂😂 Mzee kaombe maji.

#8 Mlinzi wa Ukoo
Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni laana za ukoo na hamtaki kulitaja. Kutoka 20:5: maovu ya baba hupatilizwa kwa wana hata kizazi cha tatu na cha nne.

Tazameni wenyewe. Abrahamu alimkana mkewe akasema ni dada yake, mara mbili. Isaka akafanya vile vile kwa Rebeka. Yakobo akamdanganya Isaka kwa ngozi za mbuzi. Wana wa Yakobo wakamdanganya Yakobo kwa kanzu iliyochovywa damu ya mbuzi. Vizazi vinne, uongo ule ule, hata mbuzi ni yule yule! Mzazi anaweza kulea vizuri mpaka achoke. Mlango wa ukoo kama haujafungwa kwa maombi na kufunga, anajisumbua.

#9 Dada Kiongozi
Mlinzi wa Ukoo, hiyo ya mbuzi nimeipenda, nitaiiba. Lakini umesimama kwenye mstari wa 5. Mstari wa 6 unasema rehema zake ni kwa maelfu. Na Ezekieli 18 sura nzima imeandikwa kuwajibu watu waliosema baba wamekula zabibu kali na watoto wametiwa ganzi ya meno. Mungu akawaambia wakome kutumia mithali hiyo. Nabii anaeleza mtu mwenye haki, mwanawe mwovu, kisha mjukuu mwenye haki, kila mmoja na hesabu yake. Yohana 9 nako wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi, huyu kipofu au wazazi wake. Yesu akakataa vyote viwili.

Niseme lililo karibu nami. Binamu yangu alipelekwa kwenye maombi ya kuvunja laana za ukoo tena na tena. Kila akirudi, baba yake anayempiga yuko mlangoni anamsubiri, mkanda mkononi, anamuuliza amechelewa wapi. Kwenye ule mkutano waliongea na mizimu, na mababu, na mapepo ya majini. Na baba hakuongea mtu.

#10 Mlinzi wa Ukoo
Pole kwa binamu. Sijasema baba asiongeleshwe, aongeleshwe. Ila bado hamjajibu: kwa nini tabia inarudi kizazi hadi kizazi, hata kwa mtoto ambaye hakumwona babu yake?

#11 Muuguzi wa Usiku
Nikujibu kwa upande wa kazini. Kwenye pombe, tafiti za mapacha na za watoto waliolelewa na wazazi wasio wao zimeonyesha kwamba takriban nusu ya hatari ya uraibu inatokana na urithi. Sehemu inayobaki ni mazingira: alichokiona nyumbani, marafiki, maumivu anayoyazima. Kwa hiyo mtoto ambaye hakumwona babu yake anaweza kubeba hatari ya babu. Hatari si hukumu, wengi wanaibeba na hawaanguki. Ukitaka kuita laana ita, ila mpeleke kwenye tiba pia.

Jambo la pili. Si kila kijana aliyeacha ibada ameasi. Wapo wagonjwa. Kijana hali chakula vizuri, analala mchana kutwa, mambo aliyoyapenda hayagusi. Mzazi anaona uvivu na ukaidi, anaongeza mahubiri. Eliya alipofika chini ya mretemu akaomba afe, malaika hakumwuliza imani yako iko wapi. Alimwambia inuka, ule. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, huko Horebu. Na kijana akitamka kwamba anataka kufa, mchukulieni kwa uzito, mtafutieni msaada siku hiyo hiyo.

#12 Mstaafu wa Chupa
Mimi ndiye huyo mtoto mnayemjadili.

Kwetu ibada ya jioni ilikuwa kila siku. Baba hakunywa, hakupiga, hakudanganya. Nikapotea miaka mingi kwa sababu nilitaka, na baadaye kwa sababu sikuweza kutoka. Msimtafute mchawi kwenye malezi yangu.

Baba alikuwa ananitumia mistari. Niliacha kuifungua. Mama alikataa kunipa hela, alinitamkia wazi kwamba hela yake haitaninunulia pombe, lakini simu hakuacha kupiga. Jumapili jioni. Haulizi umeenda kanisani. Anasimulia: fulani kaoa, jirani kaanguka na baiskeli, paa la jikoni linavuja upande wa dirisha, kaweka ndoo, ndoo imejaa. Mahubiri yalinichosha. Habari za lile paa hazikunichosha. Siku nilipoamua kurudi sikuona aibu ya kuanza maongezi, maana maongezi hayakuwahi kukatika.

#13 Chumvi Kidogo
Ubarikiwe kaka. Na paa lilitengenezwa?

#14 Mstaafu wa Chupa
Nilipanda mimi. Linavuja zaidi.

#15 Mama Pacha
Nimecheka na kulia kwa pamoja.

Naomba turudi kwenye malezi yenyewe, kwa sababu kusema "kila mtu na hesabu yake" kunaweza kutupa likizo tusiyostahili. Daudi. Mwanawe Amnoni alipombaka Tamari, dada yake Absalomu, 2 Samweli 13:21 inasema mfalme alisikia, akakasirika sana. Basi, imeishia hapo. Hakumwadhibu Amnoni, na hatusomi popote kwamba alimwita Tamari akae naye. Absalomu akanyamaza miaka miwili, akamuua ndugu yake, akakimbilia Geshuri miaka mitatu. Akarudishwa, na bado akakaa Yerusalemu miaka miwili mizima bila kuuona uso wa baba yake. Mpaka akachoma shamba la shayiri la Yoabu ndipo akaitwa. Akapigwa busu. Baada ya muda akaasi, mwisho Daudi analia kwenye chumba kilicho juu ya lango, "mwanangu Absalomu".

Na Adoniya, mwana mwingine wa Daudi, je? 1 Wafalme 1:6, baba yake hakuwahi kumuuliza hata siku moja, mbona umefanya hivi.

Kwa hiyo Kalamu Butu, wazazi wengine wanalaumiwa kwa haki.

#16 Kalamu Butu
Mama Pacha, sipingi. Ninachopinga ni kuanzia kwenye mtoto aliyepotea na kurudi nyuma kumtafuta mwenye kosa. Daudi tunamlaumu kwa sababu makosa yake yameandikwa, si kwa sababu Absalomu aliasi. Yule mama wa katikati ya wiki kaandikiwa wapi?

#17 Rungu la Haki
Mmeanza kulainika. Mithali 13:24, asiyetumia fimbo humchukia mwanawe. Kuhani Eli aliwabembeleza wanawe Hofni na Finehasi, na mnajua walivyokufa. Mwanawe mwingine Samweli ndiye aliyenyooka kwa sababu alikuwa hekaluni.

#18 Tomaso wa Pili
Samweli si mwana wa Eli. Ni wa Elkana na Hana, alipelekwa kwa Eli baada ya kuachishwa kunyonya. Na ukweli huo unakuharibia hoja: Eli yule yule, mahali pale pale, wanawe wakaharibika na mtoto wa watu akasimama. Halafu Samweli mwenyewe, nabii tusiyesomewa kosa lake la malezi, wanawe Yoeli na Abiya wakawa waamuzi wala rushwa Beer-sheba. 1 Samweli 8.

#19 Dada Kiongozi
Na Rungu, hebu soma Wakolosai 3:21 kabla hujainua mkono: msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa. Paulo aliwaandikia akina baba wa dunia ya Kirumi, ambao kisheria walikuwa na mamlaka juu ya watoto wao hata wakiwa watu wazima. Kuwaambia watu hao kwamba mtoto anaweza kukata tamaa na kosa likawa lao, halikuwa neno dogo.

#20 Rungu la Haki
Sijasema kuua mtu. Nimesema kumrudi mtoto. Mimi nilichapwa na nipo.

#21 Chumvi Kidogo
Upo, ila jina ulilojipa ni Rungu.

#22 Mwangalizi wa Jukwaa
Mambo ya fimbo yana uzi wake mrefu tayari. Hapa tuendelee na mada.

#23 Peke Yangu Naye
Nasoma kimya tangu mwanzo. Mimi nalea peke yangu, baba wa mtoto alituacha. Nyuzi za malezi ya Kikristo zote zinaanza na "baba kama kuhani wa nyumba" na mimi naishia hapo hapo. Leo nauliza: kuna andiko linaloanzia mahali nilipo?

#24 Mama Pacha
Mwanzo 21, mpendwa. Hajiri kafukuzwa na mkate na kiriba cha maji. Maji yakaisha jangwani Beer-sheba. Akamweka kijana chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali kiasi cha mtupo wa mshale, kwa sababu hakutaka kumwona akifa. Mimi naipenda sehemu hiyo kwa kuwa haijapambwa: mama kachoka mpaka kaona afadhali asiangalie. Na hakukemewa. Mungu alisikia sauti ya kijana, akamwambia mama amwinue amshike mkononi, kisha akamfumbua macho akaona kisima. Hakuna baba kwenye habari hiyo tangu walipotoka mlangoni, na imeandikwa Mungu akawa pamoja na huyo kijana, akakua.

#25 Mtia Moyo
Amina! Dada jipe moyo, Biblia inasema Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Yusufu alikaa gerezani miaka 13 na akatoka waziri mkuu!

#26 Tomaso wa Pili
Mtia Moyo, nia njema, marekebisho mawili. Yusufu aliuzwa akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao akiwa na 30. Hiyo 13 ni utumwa na gereza kwa pamoja. Cha gerezani tunachojua kwa hakika ni miaka miwili mizima baada ya mnyweshaji kumsahau.

La mzigo, labda unakumbuka 1 Wakorintho 10:13, inayosema habari za kujaribiwa na mlango wa kutokea. Kuhusu kulemewa, Paulo huyo huyo kwenye 2 Wakorintho 1:8 anasema walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Mtu aliyelemewa ukimwambia anaweza, unamwongezea deni.

#27 Peke Yangu Naye
Asante Tomaso. Asante Mama Pacha. Mtia Moyo asante pia, sijakasirika.

#28 Nuru ya Jioni
Wakatoliki tupo? Basi nimlete Monika. Mwanawe Augustino, aliyekuja kuwa askofu, kazaliwa 354, mama Mkristo, baba mpagani mwenye hasira. Kijana akajiunga na Wamanikayo, kundi la dini nyingine, akazaa nje ya ndoa, akamtoroka mama yake usiku kwa meli kutoka Karthago kwenda Roma huku mama akisali karibu na bandari. Askofu mmoja aliyesumbuliwa na machozi yake alimwambia haiwezekani mwana wa machozi hayo apotee. Mwaka 387 akabatizwa Milano na askofu Ambrosi, na mwaka huo huo Monika akafa Ostia. Mume wake naye alikuwa ameshabatizwa kabla hajafa. Kumbukumbu ya Monika ni 27 Agosti na ya mwanawe siku inayofuata.

#29 Tomaso wa Pili
Nampenda Monika. Swali langu ni la siku zote: mama wangapi walilia vile vile, na watoto wao hawakuwa maaskofu wa kuandika habari zao?

#30 Nuru ya Jioni
Wengi. Lakini yule askofu hakujua mwisho alipotamka. Wala Monika hakujua alipoendelea.

#31 Kanzu ya Rangi
Mmegusa Yusufu mkapita haraka. Mimi ndugu zangu walinidhulumu urithi, na kila mtu ananiambia "samehe kama Yusufu" akimaanisha niwape funguo leo. Yusufu hakufanya hivyo. Ndugu zake walipofika kununua nafaka aliwajua, hakujitambulisha. Akamfunga Simeoni. Akawatuma wamlete Benyamini. Akaweka kikombe kwenye gunia la mdogo aone kama watamwacha kama walivyomwacha yeye. Yuda alipojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini, ndipo Yusufu akalia kwa sauti. Ilikuwa zaidi ya miaka ishirini tangu wamuuze. Chuki naona alikuwa ameshaitua. Imani kwao aliitafutia ushahidi.

#32 Mzee wa Zamu
Kanzu, hapo kuna hatari. Kila mwenye kinyongo atasema "bado nawapima". Esau hakumpima Yakobo. Alimkimbilia, akamkumbatia, akambusu, Mwanzo 33.

#33 Kanzu ya Rangi
Na Yakobo akamwambia tangulia, nitakufuata Seiri. Kisha akaenda Sukothi akajenga nyumba. Seiri hatusomi kwamba alifika. Walisameheana kweli na kila mmoja akaishi kwake, mpaka walipokutana kumzika Isaka. Mimi naiona ni familia iliyopona kiasi chake. Warumi 12:18 nayo imesema "kama yamkini, kwa upande wenu". Upande wa pili sina rimoti yake.

#34 Dada Kiongozi
Hiyo ya kumzika Isaka pamoja sikuwahi kuitilia maanani. Nampelekea binamu.

#35 Mlinzi wa Ukoo
Yakobo alidanganya tena kuhusu Seiri. Nilisema mimi. Ukoo.

#36 Chumvi Kidogo
😂 Huyu hashindwi.

#37 Kalamu Butu
Nimefurahia michango. Sasa swali la vitendo. Yule mama wa katikati ya wiki nitamtembelea na mke wangu. Tumwambie nini?

#38 Muuguzi wa Usiku
Muulizeni binti anaitwa nani na anapenda nini, muongee habari zake kama mtu, si kama ombi la maombi. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo.

#39 Mzee wa Zamu
Mimi bado ningemsomea Mithali 22:6. Ila ningesoma kwa kumtia tumaini, si kwa kumhukumu.

#40 Kalamu Butu
Mzee, ule mstari kwake umeshachafuka. Labda mwakani.

#41 Tomaso wa Pili
Mzee wa Zamu, Hefsiba bado yuko mezani.

#42 Mzee wa Zamu
Hefsiba nitakuja naye nikisharudia Wafalme na Nyakati zote mbili, sifanyi kwa haraka. Wewe nijibu kwanza huyu: Timotheo, baba yake Myunani, bibi Loisi, mama Eunike. Imani ile Paulo anasema ilikaa kwanza kwa nani?